Ufagio wa Ghorofa ya Chini

Ko. Ko-ko.

Sauti ilitoka chini ya sakafu, gizani. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima wa Berea kabla watu hawajala, na Spès alisimama kimya na mchi mkononi, kinu mbele yake juu ya blanketi lililokunjwa.

"Ni mpini wa ufagio," alimnong'oneza binti yake. "Wanatugongea dari."

Sonia alijibu kwa Kizulu, kama kawaida yake. Kiswahili cha mama yake alikielewa chote, ila kinywa chake kilikuwa cha shuleni.

Spès alisikiliza. Kimya. Akatwanga: du, du, du, kisha akagonga ukingo wa kinu, ka-ka, kudondosha majani, vile vile mama yake alivyokuwa akifanya kule kwao Rumonge. Kabla hajainua mchi tena, chini wakagonga. Ko, ko-ko. Walikuwa wakimvizia pale pale anapovuta pumzi.

Sombe, mboga ya majani ya muhogo, ndiyo iliyokuwa inamlipia chumba. Warundi wa mtaa walikuja na vibakuli vyao, wakisema hakuna anayeitwanga kama yeye. Lakini wapangaji waliotangulia chini walihama kwa sababu ya kinu hicho, na André, Mkongo anayesimamia jengo, hakuficha neno. "Mama Sonia, hawa wapya nao wakinipandia kulalamika, wewe na kinu chako mtashuka ngazi pamoja."

Hao wapya walikuwa vijana wanne wenye magitaa. Spès aliwaita Wachina mpaka André alipomwambia ni Wajapani, bendi ya roki. Mtu aliyewaalika Afrika Kusini alikuwa ametoweka, nao wanasubiri njia ya kurudi kwao. Mjapani, Mchina, alisema Spès, ufagio ni ule ule.

Na uchokozi waliuanza wao. Siku ya kuhamia waliacha taulo jeupe mlangoni pake, limefungwa kwa karatasi nzuri. Nani humpa taulo jirani asiyemjua? Spès alilinusa, kisha akajinusa. Basi ndiyo kusema tunanuka. Akalifanya tambara la kudekia. Aliposikia kuwa wamepiga muziki kwenye baa ya wanafunzi Braamfontein, na waliokuja wangeenea kwenye teksi moja, alilala usingizi mtamu.

Kisha kikaja kijiti. Siku moja alikuwa akitwanga karibu na dirisha, akaona kinapanda kutoka dirisha la chini, kirefu, na mwishoni kina kitu cheusi chenye manyoya kama panya. Kikasimama hapo hapo, kikimwelekea. Hakuwa mjinga, kinasa sauti alikijua. Walikuwa wanamkusanyia ushahidi wa kumpelekea André. Alichukua beseni la maji ya vyombo akalimwaga lote. Chini mtu alipiga yowe, halafu wengine wakacheka. Kesho yake kijiti kilirudi, kimevikwa mfuko wa plastiki.

Kutoka hapo akawa anatwanga kama mwizi, huku sikio liko ngazini.

Siku walipoondoka, mmoja wao, mwenye nywele alizozipaka rangi ya njano, alibisha hodi. Aliinama, akainama tena. Alisema maneno ambayo Spès hakuyaambulia hata moja, halafu akakunja ngumi zote mbili, moja juu ya nyingine, akazipandisha na kuzishusha mbele ya uso wake. Anamtishia mwanamke mlangoni kwake, mbele ya mtoto. Spès akambamizia mlango.

André hakuja kumwambia lolote, na kule kungoja kufukuzwa ndiko kulikomchosha. Mwishowe alimpa mwanamke wa kanisani kinu pamoja na mchi wake, akaanza kununua majani yaliyosagwa kwa mashine. Wateja walionja, wakashukuru, wakapungua mmoja mmoja.

Wale wanne nao wakawa wanapanda kwa umaarufu. Kwanza walikuwa kwenye simu za wanafunzi. Halafu kwenye magari yaliyosimama kwenye roboti, taa za barabarani, kwenye kiduka cha spaza cha kona, kwenye duka kubwa anakonunua unga. Redioni mtangazaji alipiga domo juu ya mwanzo wa wimbo mpaka magitaa yaingie, na magitaa yakiingia tu, Spès alimshika Sonia mkono wakatoka. Aliwaombea waanguke. Alijua si sala, lakini aliomba.

Jumamosi moja walikuwa Yeoville, saluni kwa Tabia, mwanamke wa Tanga, Sonia akisukwa. Kwenye televisheni ya ukutani ulionekana uwanja wa mpira uliojaa watu mpaka juu, na yule wa nywele za njano akipanda jukwaani. Spès aliomba kituo kibadilishwe.

"Chuki gani hiyo, Mama Sonia?" alisema Tabia, rasta zikiwa mdomoni. "Watoto wa watu hawajakukosea kitu."

"Wewe hukukaa juu yao," alisema Spès. "Kinu changu kimetoka nyumbani kwa sababu yao."

Tabia alicheka, akaongeza sauti.

Taa za uwanja zilizimwa. Hakukuwa na gitaa wala ngoma. Yule kijana alisimama peke yake kwenye mwanga mdogo, akakunja ngumi zote mbili, moja juu ya nyingine, akazipandisha na kuzishusha mbele ya uso wake. Spika zikaitika.

Du, du, du. Ka-ka.

Uwanja mzima ukapiga makofi kwa pamoja. Pa, pa-pa.

Du, du, du. Ka-ka.

Sonia akachomoa kichwa chake mikononi mwa Tabia, na kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo saluni nzima iliisikia, akasema: "Mama, hicho ni kinu chetu."