Breki za Papa Constantin

"Papa Germain, Mama Adrienne anakuita."

Ilikuwa mara ya pili anaambiwa, na Germain bado ameganda kwenye kiti cha plastiki, katikati ya wanaume wa kilio. Si kwamba hakusikia. Alisikia sana. Mwito huo alikuwa anauogopa tangu Jumanne.

Jumanne ndiyo siku Constantin, mume wa Adrienne, alipokufa kwenye mteremko wa barabara ya Kapolowe. Gari lake lilikataa kusimama, likaingia chini ya lori. Na fundi wa gari hilo alikuwa nani? Germain. Watu wote pale kilioni walisema ni breki, halafu wakamtazama.

Mwezi mmoja kabla, Constantin alitaka afungiwe etriye mpya, vile vyuma vinavyobana disiki ili gurudumu lisimame. Germain alizichukia hizo mpya za sokoni: kartoni nzuri, rangi nzuri, chuma hakuna. Akazifungua za Constantin mwenyewe, akasugua pistoni mpaka zikang'aa, akatia mipira mipya, akapaka rangi. Kazi safi kabisa. Angesema ukweli wakati ule, leo angekuwa analia kama wenzake. Lakini wateja wa Likasi bwana! Ukiwaambia umetengeneza ya zamani, wanakuona mwizi. Na kwa kuwa mteja lazima arudishiwe vyuma vilivyotolewa, avione kwa macho yake, Germain aliokota vibovu vya gari lingine akamkabidhi.

"Hizi ndizo nimetoa, papa. Sasa uko na mupya."

Constantin akamshukuru mpaka Germain akaona haya. Aibu hiyo ilikuwa ndogo kuliko ya leo.

Akaingia ndani. Adrienne alikuwa ameketi chini kwenye mkeka. Akawaomba wanawake watoke. Hakumtazama fundi usoni hata kidogo, na Germain akajua yamekwisha. Akapiga magoti kabla hajaulizwa.

"Mama, ni minye nimeua papa. Zile etriye hazikuwa mupya. Nilisafisha za zamani, nikamudanganya. Unipeleke kwa polisi, sitakatala."

"Najua," alisema Adrienne.

"Unajua?"

"Nilikuwa naosha gari, rangi ya etriye ikatoka, nikaona chuma ya zamani. Nikamwambia papa. Akacheka tu. Anasema, 'Acha, inashika muzuri.'" Akajifuta pua kwa ncha ya kitenge. "Minye nikakatala. Nikakutukana weye, nikamutukana na yeye. Nikaenda kununua mupya, za kartoni. Ndugu yangu David akazifunga Jumatatu."

Germain akainua kichwa.

"Ile mupya ndiyo ilipasuka, Papa Germain. David ameenda kuangalia gari, ameiona. Kule inje hakuna muntu anajua."

Nje wanawake walianza wimbo mwingine wa kanisa. Adrienne akamshika fundi mkono, na kwa mara ya kwanza akamtazama machoni.

"Sikukuita juu ya polisi. Niko na neno moja tu la kukuuliza, na leo usinidanganye. Kama ningeacha zile zako, gari ingesimama?"