Bastola ya Mchungaji Tackett

“Utaibeba ukiwa umevaa nini?” Dub Ferrell, mwenye duka, aliuliza.

Mchungaji Lowell Tackett alikohoa. Angesemaje kwamba ni joho la kuhubiria? Alikuwa amevuka mto hadi kaunti ya jirani, amevaa kofia ya kuvulia samaki iliyomfunika hadi kwenye nyusi, makusudi asikutane na mtu anayemjua ndani ya duka la bunduki.

“Vazi pana,” alisema. “Refu kidogo.”

“Kama la kutokea bafuni?”

“Karibu na hapo.”

Dub hakucheka. Alipanga bastola tatu juu ya kioo. Ya kwanza ilikuwa bapa na nyepesi, lakini Lowell alipojaribu kuivuta nyuma ile sehemu ya juu, kidole gumba kilikataa, na koo likatoa mlio wa aibu. Ya pili aliichomeka kiunoni, suruali ikateremka. Kitambi chake, ambacho hakijawahi kumfaa kwa lolote, kilishindwa hata kuizuia. Ya tatu ilikuwa ya kizamani, fupi, ya risasi tano, haihitaji kuvutwa popote.

“Hii huchukuliwa na mabibi,” Dub alisema. “Samahani, mzee wangu.”

“Usiombe samahani. Ndiyo saizi yangu.”

“Na usione haya. Wateja wangu wazuri ni watu wa ng’ambo yenu. Wanavuka daraja na kofia zimewafunika macho, kama wewe.”

Lowell alijua ni akina nani hao: watu wa kanisa jingine la upande wao, kule juu barabarani. Aliwaombea njia nzima akirudi nyumbani, bastola ikiwa chini ya kiti.

Tangu nywele zake zikiwa nyeusi alikuwa akihubiri kwamba mtu wa Mungu habebi silaha. Katika milima yetu ya Tennessee, ambako karibu kila nyumba ina bunduki, hayo si maneno ya kumpatia mtu marafiki. Lakini waumini walimvumilia, kisha wakamzoea, kisha, kwa alivyoamini, wakamfuata. Verna, mkewe, alishamwambia zamani, “Siku utakayoingiza bunduki humu ndani, Lowell, nahamia kwa dada yangu. Na mbwa namchukua.”

Halafu, majira ya kuchipua, mtu mmoja akaingia kanisani katika mji mwingine na kufyatua risasi katikati ya ibada. Tangu hapo Lowell hakulala vizuri. Kila alipopanda mimbarani aliutazama mlango wa nyuma, kisha akamtazama Verna kwenye benchi la mbele. Wakiuawa hawa, hatajisamehe. Wakijua ana bastola, uchungaji wake umekwisha. Akajiambia heri nusu shari kuliko shari kamili, akavuka mto.

Kwenye mafunzo ya kibali cha kubeba silaha, mwalimu alieleza kwamba mwenye silaha akiingia, kwanza kimbia, ukishindwa, jifiche, ukishindwa vyote, ndipo upigane. Lowell akanyoosha mkono.

“Na kama mtu amesimama mahali pa juu, mbele ya watu wote, wanamtazama?”

“Ashuke,” mwalimu alisema.

Tatizo lililobaki lilikuwa kukumbatiana. Kanisani kwao hakuna anayetoka mlangoni bila kukumbatiwa na mchungaji. Lowell akaanza kutoa mkono tu, kwa mbali, akisingizia mgongo. Alitarajia manung’uniko, lakini hakuna aliyenung’unika. Hata Opal, mpiga kinanda, ambaye zamani alikuwa akikukumbatia mbavu zinalia, alimpa ncha za vidole na kuondoka kwa furaha. Lowell alimshukuru Mungu kwa kumpa waumini waelewa.

Jumapili moja ya Agosti, joto limewalegeza watu wote, mgeni aliingia mahubiri yakiendelea. Alikuwa mwanamume mwembamba, amevaa koti zito la baridi lililofungwa hadi shingoni. Aliketi benchi la mwisho. Mkono wake wa kulia ukaingia ndani ya koti na ukabaki humo humo, ukitafuta kitu.

Lowell alisahau alikuwa anahubiri nini. Kukimbia hawezi. Kujificha nyuma ya mimbari ile nyembamba, na tumbo lake, ilikuwa kujidanganya. Verna alikuwa pale pale mbele yake, anajipepea, na Lowell aliona wazi kwamba hawezi kuishi bila mwanamke huyu. Lakini akiichomoa, kanisa zima litamwona.

Hapo likamjia wazo. Halikuwa la akili sana, ila ndilo lililokuja.

“Wapendwa,” alisema, “tuinamishe vichwa. Kila mtu afumbe macho. Tuombe.”

Vichwa vikainama. Naye akafumba macho kwa mazoea, akaanza kuomba kwa sauti kubwa ili kufunika mchakacho wa nguo, akapeleka mkono chini ya joho. Bastola ilikuwa imenasa kwenye bitana. Akawaombea wagonjwa, akivuta. Akawaombea wajane na wasafiri, akivuta. Alikuwa amefika kwa wabunge, watu ambao hakuwahi kuwaombea maishani, ilipochomoka.

“Amina,” alisema, akafumbua macho na kuielekeza nyuma.

Hakuna aliyekuwa akimtazama. Waumini wote walikuwa wamesimama, wamempa mgongo, kila mmoja amemlenga mgeni kwa bastola yake: Gaylon mzee wa kanisa, Opal kando ya kinanda, mabibi wa kwaya safu nzima, na Verna, ambaye yake ilikuwa kubwa kuliko ya mumewe, na aliishika vizuri zaidi.

Mgeni alikuwa ameinua mikono juu, leso aliyoitoa kotini imeanguka miguuni. Katika kanisa zima, mikono mitupu ilikuwa hiyo miwili tu.