Ukumbi wa Nakijwa

Miaka hiyo kila nyumba ilitakiwa kisheria kuwa na ukumbi wa kuingilia unaowatambua watu kwa sura na kuwakaribisha kwa nafasi aliyowaandikia mwenye nyumba.

Nakijwa, msanifu majengo, ndiye aliyechora ukumbi wa nyumba yao ya shamba huko Usangi. Miaka miwili alihangaika nao: sakafu ya mawe yaliyosuguliwa mpaka yakang'aa, ngazi ya mbao za mninga iliyopinda taratibu, dirisha refu la kupokea jua la asubuhi. Kuandikisha majina alimwachia mumewe, Mbazi.

Siku ya kuhamia Nakijwa aliingia ameshikana mkono na mama mkwe wake. Ukumbi ukawasalimu kwa upole.

"Shikamoo, mama mzazi, karibu nyumbani. Nawe mgeni, karibu. Subiri hapo, mama mwenye nyumba anashuka."

Nakijwa alicheka. "Mbazi! Umekosea kuandika!"

Mbazi alikuwa amesimama kwenye ngazi, macho chini. "Sijakosea. Nilitafuta namna ya kukwambia, ikanishinda."

Nyuma yake akatokea mwanamke mjamzito, ameshika kishikio cha ngazi. Nakijwa alimgeukia mama mkwe, akitumaini kwamba angalau yeye angeshtuka. Mama yule alikwishavua viatu. Alimwachia mkono polepole, akaanza kupanda.

"Taratibu, Namkunda mwanangu," alimwambia yule mjamzito, "ngazi hizi zinateleza."

"Hazitelezi," Nakijwa alisema. "Hazitelezi, mama."

Hakuna aliyegeuka.