Bandama la Mzee Mwinyijuma

Mkono wa Didas ulipofika vidole vinne chini ya mbavu za kushoto, Mzee Mwinyijuma akakohoa. Kikohozi kimoja tu, kikavu, kama cha mtu anayebisha hodi.

"Nimelipata, Daktari," Didas akasema, uso umemng'aa. "Bandama limevimba. Vidole vinne."

Daktari Husseini akaandika. Alikuwa Mhindi mrefu, mzaliwa wa Bagamoyo, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko cha wengi pale wodini. "Anayefuata!"

Akafuata Thadeo. Kikohozi. Vidole vinne. Akafuata Alfonce. Kikohozi. Vidole vinne.

Mzee alilala chali, macho darini, akijiona mwalimu mkuu. Na alikuwa na haki yake. Tangu aletwe kwenye hospitali ile ya kilimani, Kisarawe, Novemba ya mwaka 1950, homa imempanda na tumbo limemjaa kama ngoma, kila kijana aliyesomea udresa, kazi ya kumsaidia daktari, alijifunzia kwake kupima wagonjwa. Januari nzima waliminya, wakapima, wakaandika: vidole vinne. Naye akakariri pamoja nao. Tangu hapo hawakumpima tena hadi leo, mwezi wa Mei, siku ya mtihani. Bandama lilikuwa lake, lakini mwenyewe hakuthubutu kuligusa, kwa kuwa Daktari alimwonya siku ya kwanza kwamba bandama lililovimba likigongwa hupasuka. Hata akioga, upande ule aliumwagia maji tu.

Daktari naye alikuwa na utafiti wake. Wagonjwa ishirini wa malaria, Mzee akiwamo, walimeza vidonge vipya kila Ijumaa, na kila Jumatatu aliwapima mmoja mmoja nyuma ya pazia, akaandika kwenye daftari, akalifungia kabatini bila kumwambia mtu neno. Mzee alivimeza kwa adabu, ingawa aliona havina maana, maana badala ya usingizi vilimpa njaa. Siku hizi alimaliza sahani yake ya ugali akaanza kuitazama ya jirani. Kikoi chake, ambacho zamani ncha zake zilikutana kwa shida, sasa kilimzunguka mara mbili. Wiki iliyopita aliteremka sokoni kununua ugoro, akapanda kilima bila kupumzika hata mara moja.

"Chakula cha serikali," aliwaambia wenzake wodini, "kina mbolea."

Mpango wa kikohozi ulikuwa wake. Aliwapenda vijana wale, wanaomwamkia kila asubuhi na kumchekesha, na hakutaka mtihani umwangushe hata mmoja. Jana alasiri aliwaita kitandani akawaeleza. Watatu walikubali mbio mbio. Aliyekataa ni Shomari wa Kibaha, na huyo ndiye aliyemtaka afaulu kuliko wote, kwa sababu alikuwa mchumba wa binti yake, Mwanne. Harusi ilikuwa ikingojea cheti.

"Baba," Shomari alimwambia kwa upole, "nitasema nitakachokikuta mkononi."

"Utakikuta wapi, mwanangu, na woga huo? Mikono yako inatetemeka hata ukishika kikombe."

"Basi nitasema inatetemeka."

Sasa zamu yake ilikuwa imefika.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Taratibu, mwanangu. Hakuna haraka."

"Vuta pumzi."

Mzee akavuta. Mkono wa baridi ukaanzia karibu na kitovu, ukapanda pole pole. Ulipofika mahali penyewe, Mzee akakohoa. Mkono haukusimama. Akakohoa mara mbili. Mkono ukapita. Akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na muuguzi Redempta akaja mbio na kikombe cha maji.

"Kifua hicho, mzee?"

"Vumbi tu, mama. Vumbi."

Shomari akamgeuza kwa ubavu wa kulia, akaminya upya. Jasho lilimtiririka shingoni. Nyuma ya mgongo wa Daktari, Didas alikuwa ameinua vidole vinne juu kabisa, kama mtu anayeita gari.

Dirishani, Mwanne alisimama na kapu la chakula cha baba yake, ameung'ata ukingo wa ushungi. Mzee akamwona. Uvumilivu ukamwisha.

"Vinne," akamnong'oneza Shomari. "Mtazame Mwanne, mwanangu, kisha useme vinne. Tufunge hiyo harusi."

Shomari alimtazama Mwanne. Kisha akaunyoosha mgongo.

"Daktari, sikuti kitu."

"Hukuti nini?"

"Bandama. Nimelitafuta mara mbili. Wenzangu wamelipata, mimi sikulipata."

"Wenzako watatu wamesema vidole vinne," Daktari akasema taratibu. "Unataka kubadili jibu lako? Wino haujakauka."

Hata mgonjwa wa kitanda cha pembeni, aliyekuwa akiguna tangu alfajiri, alijiinua kwa kiwiko kutazama.

"Hapana, Daktari. Siwezi kuandika nisichokishika."

Kapu la Mwanne likaanguka chini, sufuria zikalia. Mzee Mwinyijuma akajifunika shuka gubigubi. Mkwe mzuri kama yule, mpole, mwenye heshima, amepotea hivi hivi kwa ukaidi! Angemwambia nini mama yake Mwanne, aliyekwisha kuwaalika hata watu wa Maneromango?

Daktari Husseini akaenda kabatini, akatoa lile daftari la utafiti, akalifunua na kulisoma ukurasa mmoja kwa makini. Akarudi kitandani, akaivuta shuka mpaka uso wa mzee ukaonekana.

"Aliyefaulu ni mmoja, naye ni Shomari," akasema. "Nyinyi watatu, tuonane darasani Jumatatu. Na wewe, Mzee Mwinyijuma, funga virago ukaandae hiyo harusi: bandama lako lilikwisha kunywea tangu mwezi wa Machi."