Maswali Manne ya Chaja

Kwa mara ya saba siku hiyo, fundi viatu aliambiwa ukweli, akashukuru, akaondoka mikono mitupu.

Mwenye duka la saba, mama mmoja mpole, hakumwelewa. Alikuwa ameyajibu maswali yake yote manne bila kuchoka. Ndiyo, chaja hii ni ya betri za tochi za lithiamu, betri za aina nyingine asizitie humu. Ndiyo, inakata umeme yenyewe betri ikijaa. Iwekwe kwenye sakafu ya saruji, mbali na pazia na godoro. Na kulala huku inachaji?

"Hapana, baba, hata kidogo. Kaa nayo mpaka imalize. Na betri ikichubuka ganda au ikivimba, usiionee huruma, achana nayo."

"Umesema vizuri, mama." Mzee akairudisha chaja juu ya kaunta. "Lakini siyo yenyewe."

"Siyo yenyewe? Baba, unatafuta chaja au unatafuta mchumba?"

Mzee alitabasamu kwa adabu tu. Koti lake lilinuka moshi, kama la mtu aliyeshinda jikoni, na mama akageuza pua pembeni kwa siri.

Nje jua lilikuwa la utosi. Mzee alikuwa hoi, magoti yanamlilia kila hatua, na chini ya kwapa alibana furushi dogo la kitambaa. Simu ikaita. Alikuwa binti yake.

"Baba, uko wapi? Nyumba imejaa wageni, wote wanakuulizia. Shangazi ndiyo kabisa."

"Niko madukani. Limebaki moja, mwisho wa mtaa."

"Jamani, baba! Utauzunguka mji mzima kwa ajili ya chaja? Mama alibeba ya kwanza aliyoiona, basi, yameisha. Na mikate yake ile, angepata wapi muda wa kuuliza?"

"Usimseme mama yako hivyo."

"Siyo mimi peke yangu, baba. Ndivyo wanavyosema wote."

Mzee akakata simu. Maneno hayo yalimuuma kuliko magoti. Mkewe alikuwa mwoka mikate, mtu wa kuamka saa kumi alfajiri na tochi mkononi, na chaja ya tochi hiyo alijinunulia mwenyewe bila kumwambia mtu ni duka gani. Sasa ukoo mzima ulikuwa umemfanya mzembe, mwanamke wa kuokota vitu ovyo, na mumewe hakuwa na la kuwajibu. Aliapa kwamba leo hatarudi nyumbani bila jibu.

Duka la nane lilikuwa jembamba, bidhaa zimening'inia hadi mlangoni. Mwenyewe aliitwa Punguza, kwa kuwa hakuwahi kumwachia mteja aondoke kwa sababu ya bei. Naye macho yalikuwa mekundu kwa uchovu, lakini ulimi haukuchoka.

"Karibu, mzee wangu! Chaja za tochi? Hizi hapa, zinakwenda kama njugu."

Mzee akaanza, kwa sauti ya mtu anayesoma orodha.

"Inafaa betri za lithiamu?"

"Inafaa zote. Chaja ni chaja."

"Inakata umeme betri ikijaa?"

"Si taa inageuka kijani? Basi imekata."

"Niiweke wapi?"

"Popote soketi ilipo. Hata kitandani."

"Na nikilala?"

"Lala, mzee wangu, ukorome! Asubuhi unaikuta imejaa pomoni."

Safari hii mzee hakushukuru. Alikuwa akiitazama mikono ya Punguza, maana fundi viatu huona fundo kabla hajaona uso wa mtu. Punguza aliukunja waya wa chaja, akakata ukanda mwembamba wa tyubu ya baiskeli, akauzungusha mara mbili na kupiga fundo moja pembeni.

"Unazifunga zote hivyo?"

"Zote. Wenzangu wananunua mipira ya kufungia, mimi tyubu mbovu ninazo tele." Akacheka. "Lakini, mzee, nyinyi mlisoma shule moja? Wiki tatu zilizopita alikuja mama mmoja, miwani yake imefungwa kwa uzi wa viatu. Maswali yake hayahaya! Hilo la kulala akaniuliza, nikamjibu. Akafika mlangoni, akarudi, akaniuliza tena."

Mzee akashika ukingo wa kaunta. Uzi ule aliupaka nta mwenyewe.

"Ukamwambia nini?"

"Nilimwambia, mama, niamini, hata mimi huwa nalala inachaji. Ndipo akanunua. Mbishi yule! Kwani unamfahamu? Msalimie sana, mwambie aje achukue na nyingine."

Mzee alilifungua furushi lake taratibu, akaliweka juu ya kaunta. Ndani mlikuwa na bonge jeusi la plastiki iliyoyeyuka, na kipande cha waya kilichonusurika upande wa plagi. Kilikuwa bado kimefungwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, mizunguko miwili, fundo pembeni.

Punguza aliacha kucheka.

Mzee hakumtazama. Alitoa simu, akampigia binti yake.

"Mwanangu," akasema. "Waambie shangazi zako, na wote walioko msibani. Mama yako aliuliza. Aliuliza mara mbili."