Maji ya Alfajiri

Tangu Majaliwa arudi kutoka vitani Burma, mwaka mzima sasa, hakuweza kumwingilia mkewe. Hata hivyo, kila alfajiri mkewe alimwaga maji uani kata kwa kata, ili mama mkwe asikie na kuamini kwamba wameoga janaba. Hospitali haikuwa mbali. Majaliwa aliona heri afe kuliko kumweleza mwanamume mwenzake.

Leo mkewe aliifudikiza ndoo.

"Mume wangu, nimechoka kuoga uongo," alinong'ona.

Mama akakohoa chumbani mwake. "Mwanangu, mbona leo kimya? Mmekosana?"

Majaliwa aliitazama ndoo, kitako juu, kikavu.

"Hatukukosana, mama. Mimi ni mgonjwa. Nakwenda kwa daktari."

"Mgonjwa tangu lini, baba?"

Mkewe akainamisha macho, akamwachia ajibu mwenyewe.