Kioo Kisichogeuka Kahawia

Pigo la kwanza la spana ya matairi liliipasua darubini. La pili liliuangukia mkono wa fundi wa maabara. Miwani yake ilishakuwa unga chini ya kiatu.

"Mke wangu nimemzika juzi," mgane alisema. "Nimekuja kuchukua jina. Moja tu. Nani kamuua?"

"Kaka, nakuomba..."

"Kaka yako nani? Sema, daktari wa vioo!"

Hakuwa mtu wa kusahau. Alimkumbuka yule mganga aliyesema uvimbe ni maziwa yameganda. Alilikumbuka benchi walilokalia siku nne, na mkubwa aliyepita amebana pua kana kwamba umaskini unanuka. Aliikumbuka Alhamisi ile walipoondoka asubuhi kwenda kukatwa kipande cha titi. Mkewe alilalamika kwamba ngurumo za nyuma ya kabini ya lori zinampasua kichwa, naye akazizima. Mama watoto akalala begani kwake njia nzima, kama mtoto aliyeshiba.

"Mliandika hana vipokezi, mkamnyima dawa."

Fundi alitema jino. "Alikuwa navyo."

Spana ikasimama hewani.

"Vipokezi ni kama masikio juu ya ngozi ya seli. Yake yalizidi. Yalikuwa yanasikia 'kua, kua' bila kupumzika. Ile dawa huyaziba. Sisi tunatia dawa ya rangi juu ya kipande kilichobandikwa kwenye kioo; masikio yakiwepo, kioo kinageuka kahawia. Chake hakikugeuka. Wiki iliyopita nilikirudia kwa dawa mpya. Kikawa kahawia tupu."

"Wiki iliyopita!" Teke likazama mbavuni. "Wiki iliyopita alikuwa hamezi hata maji!"

"Ile dawa ya rangi ya kwanza ilikuwa imekufa. Iliungua njiani kwa joto."

"Na ukanyamaza."

"Kibandiko cha joto kwenye kikasha chake kilikuwa kimegeuka chekundu, nilikiona. Tukaambiwa tutumie hiyohiyo, hakuna nyingine."

"Nani aliwaambia? Wale wa ofisi yenye zulia?"

"Haohao." Fundi alikuwa analia sasa, damu na kamasi pamoja. "Wanawake tisa, kaka. Wote nimewaandikia hapana kwa mkono huu uliouvunja."

Mgane alimkaba kola, akamwinua mpaka pua zikagusana. Macho ya fundi yalitangatanga usoni pake kama ya kipofu.

"Iliunguaje?"

"Aliyeileta alizima mashine ya baridi ya lori."

Hatimaye. Mgane aliishika spana vizuri zaidi. "Jina lake."

"Silijui. Hata ndani hakuingia. Alinisukumia kikasha hapo mlangoni, akanyata kurudi. Alisema mkewe amelala ndani ya gari, hataki kumwamsha."